Pini Niliyoichomelea

Kaka yangu alikufa kwa sababu kazi yangu ilikuwa nzuri. Watu wamezoea kusikia kwamba fundi alilipua kazi, chuma kikakatika, mtu akaumia. Mimi sikulipua. Nilichomelea pini ya tela la trekta letu, ikashika barabara, na kwa kuwa ilishika, kaka yangu akafia kwenye kijito huko chini ya kijiji cha Mbingu. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe nyingi ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo msomaji anivumilie pale nitakapopandisha sauti.

Karakana yetu iko Ifakara, upande wa barabara iendayo Mlimba. Ni banda la mabati lenye mashine moja ya kuchomelea, grenda mbili ambazo moja hufanya kazi ikijisikia, na rundo la vyuma chakavu ambalo baba anajua kila kipande kilitoka kwenye gari gani. Baba alikuja huku bondeni akiwa kijana kutoka Mahenge, akaendesha matrekta ya watu miaka mingi, kisha akanunua lake likiwa limeshachoka. Mama alifariki zamani. Tulizaliwa wawili tu, kaka kisha mimi. Kaka alipewa usukani. Mimi msichana nilipewa kushika tochi, baadaye nyundo, na mgongo wa baba ulipomkatalia kuinama nikapewa mashine ya kuchomelea. Wateja wageni wakifika huuliza fundi yuko wapi. Ninawaambia wanaongea naye, halafu ninaendelea na kazi wakati wao wanachungulia nyuma ya banda kumtafuta mwanaume.

Trekta lilikuwa limenizidi umri. Injini yake haikuwa na neno; ukiipa dizeli safi asubuhi ilikuwa inaitika. Ubovu ulikuwa nyuma, mahali trekta linaposhikana na mzigo wake. Ile mikono miwili inayobeba jembe ilikuwa imelegea kwenye maungio mpaka jembe likienda shambani lilikuwa linayumba huku na huku na kuacha mistari ambayo baba aliona aibu kuitazama. Na kile chuma kinene kinachotokeza katikati, chenye tundu la kupitisha pini ya tela, tundu lake lilikuwa limeliwa likawa refu kama yai. Pini nayo ilikuwa imeliwa ikabaki na kiuno. Trekta likianza kuondoka, tela lilikuwa linabaki nyuma kidogo halafu linashtuka na kugonga. Trekta likisimama, tela linakuja kulisukuma. Tulikuwa tunamsikia kaka anarudi kabla hajakata kona.

Nilikuwa nimesema. Nilisema tangu wakati wa kulima kwamba pale nyuma pamekwisha, tulisimamishe trekta siku mbili nipatengeneze. Lakini trekta la kukodisha bondeni halisimamishwi msimu wa kulima, na ukiisha wa kulima unakuja wa kuvuna, nao ndiyo kabisa. Kuvuna kukianza trekta haligusi jembe. Linabeba magunia ya mpunga kutoka mashambani kuja barabarani, na juu ya magunia wanapanda vibarua, kwa sababu hakuna mtu aliyeshinda akikata mpunga atakayekubali kutembea huku tela linampita.

Basi siku moja, mwezi wa tano, kile kibanio cha waya kinachozuia pini isichomoke kikakatika njiani. Pini ikaruka. Tela likaachwa na trekta, likaserereka lenyewe likiwa na wanawake juu yake, likaingia mtaroni na kulala upande. Mama mmoja alivunjika mkono. Wengine walitoka na michubuko na kilio.

Kaka alikuja karakana. Hakunisalimia.

"Mdogo wangu, utaniulia watu."

"Nani aliyekuambia utembee na pini ile? Si nilikwambia imekwisha?"

"Basi itengeneze."

"Niachie trekta siku mbili."

"Siku mbili! Watu wana mpunga unanyeshewa huko, wewe unasema siku mbili. Mwanamke akipewa mashine anajifanya injinia."

"Na mwanaume akipewa usukani anajifanya ana akili."

Alicheka. Tulikuwa hivyo sisi, tulitukanana tangu utotoni na hakuna aliyewahi kukosea akadhani tunagombana. Akaniachia trekta pamoja na tela lake Jumamosi asubuhi, akaenda nyumbani kwa mke wake.

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Nilifungua kila kitu, nikaosha kwa dizeli mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Maungio ya mikono ya jembe nilijaza kwa kuchomelea, tabaka juu ya tabaka, kisha nikayasaga hadi yakawa mviringo. Lile tundu lililoliwa nililipanua, nikatia bushi nene niliyokata kutoka kwenye bomba la chuma. Kwa pini nilichagua kipande cha shafti ya lori bovu, chuma ambacho hata msumeno unakiogopa, nikakipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kukerezea akanikerezea kwa vipimo vyangu. Jumapili baada ya misa nilirudi karakana bila hata kubadili gauni vizuri, nikafunga shuka kiunoni. Nilipoingiza pini ile kwenye bushi, iliingia kwa kusukumwa na kiganja tu na haikucheza hata kidogo. Nilitabasamu peke yangu.

Kilichobaki kilikuwa kibanio. Vibanio vya dukani ni waya mwembamba tu, na ndivyo vilivyokuwa vimemvunja yule mama mkono. Huku kwetu mafundi wengi wana njia yao: msimu wa kubeba mpunga tunaichomelea pini kabisa, juu na chini, tela na trekta vinakuwa kitu kimoja mpaka mvua za kulima zikikaribia, ndipo inakatwa kwa grenda. Pini haichomoki, na wezi wa vyuma chakavu hawaing'oi. Nilishawafanyia wateja wengi hivyo. Kila mmoja nilimwambia, "Nimeichomelea, usije ukajisumbua kuivuta." Kila mmoja.

Trekta letu baba hakutaka lifanyiwe hivyo. Alikuwa na sheria yake ambayo alitukaririsha kama sala: tela likikuvuta, ng'oa pini, okoa trekta. Tela ni mbao na matairi mawili, alisema, trekta ndiyo nyumba yetu, ndiyo ada zenu, ndiyo unga. Kaka akiwa bado mdogo baba alimfundisha kwa vitendo hapo uwanjani. Ruka chini, nyundo iko chini ya kiti, piga pini kutokea chini pigo moja, ivute, ondoka. Rudia. Mimi nilikuwa ninakaa juu ya tairi bovu ninahesabu. Kaka alifika mahali akawa anafanya yote hayo kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi, na baba alikuwa anampigia makofi.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu anifiche kwenye kisingizio cha kutojua. Lakini baba alikuwa amekwenda Mahenge kwenye msiba wa ndugu yake, na mimi akilini mwangu nilikuwa ninamwona yule mama na mkono wake. Nikaichomelea. Nikaizungushia mshono juu, nikalala chali chini ya tela nikaizungushia na chini. Ulikuwa mshono mzuri, sijawahi kuchomelea mzuri zaidi. Nikaufuta, kisha nikaupaka grisi nyingi usipate kutu, na ukishaupaka grisi huwezi kujua kama kuna mshono au hakuna. Nilijiambia kaka akija kesho nitamwambia.

Kesho yake niliamka nikaenda mjini kununua vijiti vya kuchomelea. Niliporudi kaka alishakuja, alikuta tela liko tayari limefungwa, akapanda akaondoka. Sikuona tatizo. Mchana alipita barabarani na mzigo, nikampungia mkono, naye akaninyooshea dole gumba kwa jinsi tela lilivyokuwa limetulia. Jumanne jioni alikuja nyumbani kula. Alisema tela limetulia mpaka vibarua wanasinzia juu ya magunia. Mimi nikavimba kichwa. Nikamsimulia shafti ya lori, nikamsimulia bushi, nikamsimulia jirani alivyoshangaa vipimo vyangu. Kuhusu pini nikasema, "Hiyo pini yako haitaruka tena mpaka Yesu arudi." Akacheka, akaomba ugali mwingine.

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi mno nikitafuta kama ndani yake kuna taarifa ambayo mtu mwenye akili angeipata. Hakuna. Nilisema haitaruka. Sikusema haing'oki.

Alhamisi mvua ilinyesha milimani usiku kucha, huku bondeni tuliamka na jua. Kaka alikuwa anatoa mpunga kwenye shamba moja chini ya Mbingu, na kutoka shambani kuja barabarani kuna kijito chenye kivuko cha magogo yaliyofukiwa udongo. Maji yalikuwa yameshajaa na kuula ule udongo kwa chini. Haya ninayoyaandika kuanzia hapa niliyasikia kwa vibarua waliokuwa juu ya tela, na nimewahoji mmoja mmoja, zaidi ya mara moja, mpaka wengine wakawa wakiniona wanabadili njia.

Trekta lilivuka. Tela lilipofika katikati, tairi lake la kushoto likatitia pembeni ya gogo. Tela likainama. Vibarua wakaruka, wote wakapona. Trekta likaanza kurudishwa nyuma kidogo kidogo, matairi yanazunguka kwenye tope bila kushika. Kaka naye akaruka. Hapa ndipo ninapotaka nieleweke vizuri: kaka alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama kwenye ukingo, mzima, nyundo mkononi, na maji yalikuwa hayajamgusa.

Akarudi. Akaingia katikati ya trekta na tela, akainama, akapiga pini kutokea chini. Haikutoka. Akapiga tena. Wale watu walimpigia kelele aachane nayo, akawajibu, "Inatoka! Inatoka hii!" Alipiga, alipiga. Mmoja wao aliniambia kaka alisimama kwa sekunde, akaitazama pini kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani, kisha akainama tena. Ndipo ukingo ulipokatika, trekta likarudi nyuma lote kwa mpigo na kumlalia, na tela likalivuta trekta pamoja naye majini. Walimtoa alasiri.

Sitaeleza alivyokuwa.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa kaka. Baba alirudi kutoka Mahenge siku ileile, akapita katikati ya watu, na asubuhi yake akaondoka na wanaume kwenda kulitoa trekta. Mimi nilibaki na wifi yangu, mke wa kaka. Yeye ni mtu wa kijiji cha Kisawasawa, mtulivu, mwenye maneno machache, na wakati huo alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani na mtoto wao wa kike wa miaka saba amemlalia mapajani. Nilimshika mkono. Nilikuwa ninajua, wifi alikuwa hajui, na nilikuwa nimemshika mkono.

Trekta lililetwa karakana jioni likiwa limevutwa. Tela lilikuwa peke yake, trekta peke yake. Nilikwenda kutazama alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Pini ilikuwa haipo. Ilikuwa imekatwa kwa grenda, na kwenye kile chuma palikuwa pamesagwa safi mpaka pamekuwa laini, hapana hata alama ya mshono wangu. Nilidhani wale waliolitoa mtoni walikata ili wapate kulitenganisha. Na nitasema ukweli ulivyo: nilipumua. Kaka yangu alikuwa hajazikwa, na mimi nilisimama pale nikashukuru kwamba hapana alama.

Maneno yalianza kabla ya mazishi. Kwa nini mtu mzima aliyeshanusurika arudi kuingia katikati ya trekta na tela, agongegonge chuma huku anaitwa atoke? Vibarua walisimulia walichokiona, na kila aliyesimuliwa aliongeza chumvi. Mara alikuwa anacheka. Mara alikuwa hajielewi. Ikaishia kwamba alikuwa amelewa. Lilikuwa na pa kushika jambo hilo, kwa sababu kaka ujanani alikuwa mnywaji kwelikweli, wa kuokotwa. Aliacha kunywa pale wifi alipomwambia kwamba haendi kanisani kufunga ndoa na mtungi wa pombe. Tangu siku ya ndoa hakugusa tena, lakini watu wana kumbukumbu ndefu kwa mambo ya namna hiyo.

Jioni ya kuamkia mazishi wazee wa ukoo walikaa na baba. Mmoja akamuuliza mbele za watu kama kijana alikuwa amekunywa. Sote tulingoja. Baba alitazama chini, akasema, "Mnajua wenyewe alivyokuwa."

Basi. Neno la baba mzazi, nani angelipinga? Kesho yake makaburini katekista aliongea kuhusu pombe na vijana wanavyoyaacha majumba yao, na watu walitikisa vichwa wakimtazama mjane. Wifi alisimama wima kabisa. Baadaye, tulipokuwa tunaosha vyombo vya msiba, aliniambia, "Aliondoka na chai na mihogo, wifi. Nilimpa mimi kwa mkono wangu. Chai na mihogo." Nikamwambia ninamwamini. Nikaendelea kusugua sufuria.

Nilimchukia sana baba kwa lile neno. Nilimchukia kwa kumpaka matope mtoto wake wakati mimi, niliyeweza kuyafuta kwa sentensi moja, nilikuwa nimenyamaza. Hasira ya mtu mwenye hatia ina bidii ya ajabu. Nilikuwa ninampa chakula baba bila kumtazama. Yeye alikula kidogo, akashinda amekaa karakana pembeni ya trekta ambalo hakuna aliyeligusa. Tulikuwa tumeokoa trekta, ukipenda kusema hivyo. Injini ilijaa tope.

Arobaini ikapita. Mavuno yakaisha, nyasi za bondeni zikaanza kuchomwa, na moshi ukawa unashinda juu ya mji. Wifi alikuwa anaishi kwa kupepeta na kuchagua mchele wa watu kwenye mashine za kukoboa. Nilikuwa ninampelekea alichohitaji na kukaa naye kidogo, kila mara nikiwa nimedhamiria kusema, na kila mara nikiondoka nimezungumzia kuni. Siku moja nilimkuta mtoto wao amekaa nyuma ya nyumba na sare za shule, hataki kuingia ndani. Wenzake darasani walikuwa wamecheza mchezo. Mmoja alijifanya amelewa, akachukua jiwe akawa anagonga chini ya dawati na kupepesuka, halafu akaanguka na kulala kama maiti, na darasa zima likacheka. Aliponisimulia hakulia. Aliniuliza, "Shangazi, baba alikuwa anafanyaga hivyo?"

Nikaingia uani. Wifi alikuwa amekaa na ungo, anapepeta. Sikuketi. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia kibanio hadi grisi, na nikasema jinsi alivyokuja kula Jumanne na nilivyojisifu. Nikasema, "Alirudi kwa sababu alijua pini inatoka kwa pigo moja. Maisha yake yote ilitoka kwa pigo moja. Hakuwa amelewa. Alikuwa anafanya kitu anachokijua."

Ungo haukusimama. Pumba zilikuwa zinapeperuka, mchele unarudi, pumba, mchele. Alipomaliza zile zilizokuwamo alimimina kwenye ndoo ndipo akaongea.

"Kumwambia kungekuchukua muda gani?"

"Dakika moja," nikasema. "Haifiki."

Aliteka mchele mwingine akaweka kwenye ungo. Nilikuwa ninangoja anipige, na ningefurahi kupigwa. Akasema bila kuniangalia, "Jumamosi jumuiya inasali hapa kwangu. Utayasema hayo wakiwa wamekaa wote. Na baba awepo."

Jumuiya yetu ni kaya zinazokaribiana, wanasali kwa zamu nyumba kwa nyumba, na ndio haohao wanaozikana na kusemana. Jumamosi walifika asubuhi, wakajaa kwenye mikeka na viti vya kuazima hadi chini ya mpapai. Alikuwepo kibarua mmoja aliyekuwa juu ya tela siku ile. Alikuwepo katekista. Baba alikuja akikokota mguu, wifi akamwamkia "Shikamoo baba" kwa kupiga goti kama alivyomwamkia siku zote, akampa kiti kizuri. Waliimba, wakasoma Injili, sijui ilikuwa inasema nini. Mwenyekiti alipouliza nani ana nia ya kuombewa, nikasimama.

Nilianza vibaya, nikaanza na bushi, kwa woga nilikuwa ninaeleza ufundi kwa watu wasiouhitaji. Kisha nikamwona wifi ananitazama, nikasema moja kwa moja. Nilisema pini niliichomelea mimi. Nilisema sikumwambia. Nilimgeukia yule kibarua nikamwambia ulichokiona ni kweli, aligonga kama mtu asiyejielewa, kwa sababu mimi ndiye niliyejua na kaka hakujua. Nikasema kaka yangu alikufa akiwa na chai na mihogo tumboni, na kila aliyesema vingine aseme mbele yangu sasa hivi.

Mama mmoja alianza kulia kwa sauti ya chini. Katekista alivua miwani akawa anaifuta na shati. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema asiyependa mambo magumu, alikohoa akasema basi ndugu zangu tumwombee marehemu, na tumwombee na dada yetu, Mungu ampe faraja.

Baba akasema, "Ngoja."

Hakusimama, mgongo haukumruhusu. Alishika mikono ya kiti.

"Nilijua," alisema. "Tulipofika kule kijitoni nilipitisha mkono chini ya tope nikaishika ile pini. Nikawaambia wenzangu watafute kamba. Walipoondoka nikawasha jenereta tuliyokwenda nayo nikaikata kwa grenda mwenyewe, na usiku nikasaga kule karakana mpaka pakawa safi." Alinitazama, mara ya kwanza tangu msiba. "Mshono wako naujua. Nilikufundisha mimi. Nikasema, nina watoto wawili, mmoja ameshakufa. Watu wakijua watasema huyu amemuua kaka yake, na hapa mjini ataishi wapi, nani atamletea kazi, nani atamwoa? Wazee waliponiuliza, nikaona pombe haiwezi kumdhuru mtu aliyekwisha kufa."

Miezi yote ile nilimpa ugali bila kumtazama.

Wifi alikuwa amekaa mkekani, mtoto wake ubavuni. Aliongea taratibu na kwa heshima, kama vile anamuuliza mkwe wake atakula nini.

"Na yeye, baba, alikuwa mtoto wa nani?"

Mwenyekiti akasema tusimame tusali, na hakuna aliyesimama.